Naomba ushauri: kukadiria muda wa ndege Helsinki–Tokyo

Wakuu, naombeni msaada wa hesabu hii. Kutoka Helsinki hadi Narita (uwanja wa ndege wa Tokyo), njia fupi kabisa juu ya tufe ni takribani kilomita 7,800. Kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa ni saa 8 na dakika 40. Ongeza nusu saa ya kutoka getini, kupaa na kushuka.

Hesabu hiyo ilitosha hadi mwanzoni mwa 2022. Tangu anga ya Urusi ifungiwe mashirika ya Ulaya, safari inachukua karibu saa 13, maana ndege huzungukia kusini au hupita karibu na Ncha ya Kaskazini.

Je, nipime njia kipande kwa kipande kwenye ramani, au nichukue wastani wa ratiba? Na upepo wa juu unaovuma kuelekea mashariki niuhesabuje, hasa wakati wa kurudi?

Saa za kanda nimeshaziondoa: majira ya baridi Tokyo iko mbele kwa saa 7. Tiketi ikionyesha kuondoka 11:30 jioni na kufika kesho yake 7:30 mchana, zinaonekana saa 20, kumbe ni 13.