Mjadala: Pesa za tabianchi za California zifuate ramani ya wanaoumia, au zifuate tani za hewa ukaa?

MTOA MADA

Wakuu, salaam. Naishi California na suala hili limenigusa mwenyewe, kwa hiyo nalileta hapa. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

Kwa ambao hawajalifuatilia: hapa viwanda vikubwa na wauzaji wa mafuta lazima wawe na vibali vya kutoa hewa ukaa. Vingi huuzwa kwa mnada, na minada ilianza Novemba 2012. Fedha za jimbo zinazotokana na minada hiyo huingia kwenye mfuko wa kupunguza hewa ukaa. Mwaka huohuo sheria ya SB 535 ikataka robo ya fedha hizo iwanufaishe watu wa maeneo yaliyoachwa nyuma. Mwaka 2016 ikaja AB 1550 na kukaza zaidi: angalau asilimia 25 itumike ndani ya maeneo hayo, na asilimia 10 nyingine iende kwa kaya na jamii za kipato cha chini. Maeneo hupatikana hasa kwa ramani iitwayo CalEnviroScreen. Kila eneo la sensa lina alama mbili, moja ya uchafuzi (vumbi laini, moshi wa dizeli, viuatilifu, maji) na nyingine ya hali ya watu (pumu, umaskini, ukosefu wa ajira). Alama hizo huzidishwa, na robo ya juu kabisa ndiyo inayoingia kwenye mgawo.

Mimi nasema mgawo huo ni haki ya watu wale, wala si hisani. Mwenye kiwanda akishanunua vibali, anaendelea kutoa moshi. Hewa ukaa yake itachanganyika na ya dunia nzima, lakini vumbi laini na benzini (kemikali ya sumu itokayo kwenye mafuta) vinabaki palepale, kwa jirani. Mtu wa Richmond au Wilmington analala karibu na kiwanda cha kusafisha mafuta, asubuhi anakwenda kujaza petroli ambayo bei yake tayari ina gharama ya kibali ndani yake. Amelipia kifuani, akalipia na mfukoni.

Kinachoniuma ni kwamba sheria inahesabu pesa imeangukia wapi. Haiulizi imeshikwa na nani.

Kikundi chetu kidogo kilipata ruzuku ya kupanda miti kwenye mtaa usio na kivuli, ambako lami ya kiangazi inachoma hadi kupitia soli ya kiatu. Tulishangilia. Kisha tukaelezwa kwamba tutumie kwanza, turudishiwe baadaye. Mwenye kitalu hakopeshi miche. Mchimba mashimo anataka ujira wake Ijumaa. Mweka hazina wetu, mama mmoja mtu mzima, alitandaza risiti mezani usiku, akawa anaziandika kwa mkono moja baada ya nyingine, maana moja ikififia wino hairudishiwi. Tulingoja miezi, na wawili wetu wakakopa kwa majina yao. Mzunguko uliofuata hatukuomba. Nilisikia ruzuku ilichukuliwa na shirika kubwa kutoka mji mwingine, lenye wahasibu na waandishi wa maombi. Kwenye ramani, fedha zimefika mtaani kwetu.

MCHANGIAJI

Mkuu, poleni kwa hayo, ila naomba nipinge msingi wenyewe. Mfuko huu ni wa kupunguza joto la dunia. Tani moja ya hewa ukaa ni tani moja popote ilipopunguzwa, basi pesa iende inakopunguza tani nyingi kwa gharama ndogo. Umaskini utafutiwe bajeti yake. Halafu ramani nayo inaonea: mpangaji maskini wa San Francisco anamaliza mshahara kwenye kodi, lakini kwa kuwa hewa yake ni nafuu kidogo, anabaki nje ya mstari.

MTOA MADA

Nashukuru, mkuu. La ramani nakubaliana nawe kwa sehemu. Mpangaji huyo anaweza kuingia kwenye ile asilimia 10, na mwaka 2022 ardhi za makabila ya asili yanayotambuliwa na serikali kuu ziliongezwa kwenye orodha. Mstari bado unakata watu, sikatai.

La tani, hapana. Kwa miaka kadhaa ruzuku za magari ya umeme zilitolewa bila kikomo cha kipato, na walionufaika zaidi walikuwa wenye uwezo. Kikomo kikaja 2016. Pesa isipoelekezwa inamfuata mwenye nafasi ya kuipokea.

Pigo lako lenye nguvu ni lile ambalo hukulitaja, nami nalisema mwenyewe. Sheria ya SB 200 ya mwaka 2019 ilielekeza asilimia 5 ya mfuko, isiyozidi dola milioni 130 kwa mwaka, kwenye maji salama ya kunywa. Hapo tani ni chache mno. Lakini fikiria mama wa East Orosi, kijiji cha vibarua wa mashambani ambako maji yamekuwa na naitreti, kemikali itokayo hasa kwenye mbolea. Akiyachemsha, naitreti haitoki, inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Siwezi kumwambia asubiri bajeti nyingine.

Mwaka 2025 mfumo huu uliongezewa muda hadi 2045, na treni ya mwendo kasi ikatengewa dola bilioni 1 kila mwaka. Kwa hiyo yupo anayelipwa bila kungoja risiti zake zikaguliwe wala kuhofia wino kufifia. Ninachotaka ni vikundi vya mitaani vipewe malipo ya awali, na wakazi wagawe wenyewe, kama walivyokaa Fresno kwenye mikutano wakachagua miradi ya mtaa wao chini ya mpango wa jimbo uitwao Transformative Climate Communities, yaani jamii za mageuzi ya tabianchi.

Aliyewahi kusimamia ruzuku ya malipo ya awali, popote pale, atueleze ukaguzi uliendaje.