Kujuana na mabaharia wenzetu katika pwani ya Ireland bila kutegemea baa

Mama Nahodha aliuliza:

Mabaharia wenzangu, salaam. Mimi na mume wangu tunaishi Wales, na majira haya ya joto tunakusudia kuvuka kwa yoti yetu kutoka Milford Haven hadi pwani ya kusini ya Ireland, kisha tuelekee magharibi taratibu kupitia Kinsale, Glandore na Baltimore, na hali ya hewa ikiruhusu tufike Dingle. Ramani tumezisoma, na maji kujaa na kupwa tumeyapigia hesabu. Linalonitia wasiwasi ni jambo jingine. Kila tunayezungumza naye hutuambia kwamba raha ya pwani ile ni watu wake, na papo hapo huongeza kwamba watu hao hukutana baa. Sisi hatunywi pombe, na isitoshe mume wangu ni mtu wa maneno machache. Je, tutajuana nao vipi, na ni adabu zipi tuzizingatie ili tusionekane wenye kujitenga, wala wenye kujipachika kwenye vyombo vya watu?

Mkaazi wa Cork alijibu:

Dada, karibuni sana huku. Urafiki wa mabaharia wa pwani hii huanza pale kamba inaporushwa gatini. Yoti inapokaribia, aliyekwisha kufunga chombo chake huacha alichokuwa akikifanya na kwenda kuipokea kamba, na akishaipokea, swali linalofuata ni lile lile katika kila bandari: mmetoka wapi, na mnakwenda wapi? Mumeo asiyependa maneno mengi na apokee kamba za watu. Atajulikana gati zima kabla ya chakula cha jioni. Azungushe tu kamba kwenye nguzo na kusubiri neno la nahodha, kwa maana ukiivuta kamba ya omo, yaani ya mbele ya chombo, mapema, omo huingia ndani na tezi, yaani nyuma, hutupwa nje, na chombo hukwama katikati mbele ya macho ya watu.

Mwezi wa Julai na Agosti nafasi huwa chache, na katika bandari ndogo mtalazimika kufunga ubavuni mwa yoti nyingine. Hapo ndipo ujirani unapopimwa hasa. Pigeni hodi kwanza, shusheni maboya ya kukinga ubavu, na mkipanga vyombo hakikisheni milingoti haikabiliani, kwa sababu wimbi likipita vyombo huyumba na mikono ya milingoti hugongana huko juu. Pelekeni kamba zenu wenyewe hadi gatini, ya omo na ya tezi, ili jirani asibebe uzito wenu usiku kucha. Mkishuka nchi kavu, piteni mbele ya mlingoti wake. Sehemu ya nyuma wanapoketi ni sebule yao. Ulizeni pia wataondoka saa ngapi, kwani aliye ndani akitaka kuwahi maji alfajiri, ninyi wa nje ndio mtakaoamka kumpisha. Jambo la mwisho, na mimi nalitilia mkazo kuliko yote: kabla ya kulala, fungeni henza, yaani kamba za kupandishia tanga, mbali na mlingoti. Kamba inayogonga mlingoti wa alumini usiku husikika bandari nzima, na asubuhi hakuna atakayewachangamkia.

Msidhani kukutana huku kwa vyombo ni jambo dogo. Chama cha Irish Cruising Club kilizaliwa hivyo hivyo mwaka 1929, mabaharia walipokutana na yoti zao Glandore, na hadi leo vitabu vyake vya uongozaji ndivyo vinavyotumiwa na wengi wanaosafiri pwani hii. Huko Crosshaven nako mtaikuta Royal Cork Yacht Club, ambayo asili yake ni mwaka 1720.

Bin Pwani alijibu:

Nakubaliana na ndugu wa Cork, ila ningewasihi msiikwepe baa kabisa. Katika vijiji kama Crookhaven na Castletownshend baa ndiyo baraza la kijiji: watu hula humo supu nzito ya samaki na mkate wa ngano, na anayeagiza chai hashangazi mtu. Jueni tu kwamba Waairishi hununuliana vinywaji kwa zamu. Semeni mapema kwamba ninyi ni watu wa chai au soda, kisha zamu yenu ikifika lipieni kama wenzenu au, ikiwa dhamiri hairuhusu kulipia pombe, lipieni chakula. Wapiga muziki wakikaa pembeni, viti vya karibu yao waachieni wapigaji, na ombeni ruhusa kabla ya kurekodi.

Tena kutokunywa kwenu ni faida kwa wenzenu. Sheria ya Ireland ya mwaka 2005 inakataza kuendesha chombo ukiwa umelewa, na katika vyombo vya chini ya mita 7, kikiwemo kile kiboti cha mpira cha kurudia kwenye yoti, jaketi la kujiokolea ni lazima livaliwe.

Mama Nahodha aliandika:

Nawashukuru nyote. Ningependa kuwaalika majirani kwetu kwa chai na mandazi. Saa ipi inafaa, na je, wageni watakwazika wasipokuta pombe?

Mkaazi wa Cork alijibu:

Hawatakwazika, mradi mmetamka wazi kwamba ni chai. Mialiko ya vinywaji huwa karibu saa kumi na mbili jioni; ninyi chagueni saa kumi alasiri. Mandazi yakaangeni mkiwa mmefunga marina, yaani bandari tulivu ya yoti, Kinsale au Dingle, kwa kuwa mafuta ya moto na mawimbi havipatani. Siku nzuri kuliko zote ni zile za upepo mkali: walinzi wa pwani husoma utabiri wa Met Éireann, idara ya hali ya hewa ya Ireland, redioni kila baada ya saa tatu, na onyo la dhoruba likitoka hakuna anayeondoka. Piteni basi kwa miguu gatini, mkagonge ubavu wa kila yoti na kualika kwa mdomo. Msialike kwa chaneli ya 16 ya redio ya chombo, kwani hiyo ni ya dharura na kuitana tu.