Naomba ushauri: sauti ya mwenyekiti wetu imeigizwa kwa akili unde

Ndugu zangu, mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama wauza samaki hapa Kisumu. Jumanne iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti kutoka nambari ngeni, na sauti ilikuwa ya mwenyekiti wetu kabisa, hata kile kikohozi chake kabla ya kutaja jina langu, akiniagiza nitume shilingi 48,000 za mazishi kabla ya saa kumi. Nilituma. Mwenyekiti alikuwa sokoni Kibuye, hana habari.

Zamani matapeli tuliwatambua kwa maneno yao yasiyopangika. Sasa programu huiga sauti ya mtu kwa sekunde chache za rekodi, na mwaka 2024 ilibainika kuwa mfanyakazi wa kampuni moja huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video uliojaa sura bandia za mkuu wa fedha na wafanyakazi wenzake.

Polisi nimeripoti. Je, neno la siri la kuulizana linatosha, au kila malipo yaidhinishwe na watu wawili? Na wanachama wasiojua kusoma, ambao hutegemea ujumbe wa sauti pekee, tuwalinde vipi?