Tulikubaliana kuhama WhatsApp, mbona mliniacha peke yangu?

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Hasira hii nimekaa nayo tangu mwaka 2021. Januari ya mwaka huo, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya kuhusu taarifa zinazofika kwa Facebook, iliyoinunua mwaka 2014, kundi letu la ukoo halikulala kwa siku mbili. Kaka zangu wasomi waliandika aya kwa aya juu ya faragha, wakatufafanulia kwamba hata kama ujumbe wenyewe hausomeki na mtu wa kati, kampuni bado inajua namba yako na simu unayotumia. Tukakubaliana kuhamia Signal, programu nyingine ya kutumiana ujumbe, ambayo iko chini ya taasisi isiyotafuta faida, na ambayo mwaka 2016, ilipotakiwa kisheria huko Marekani kukabidhi taarifa za mtumiaji, haikuwa na cha kutoa zaidi ya tarehe aliyojisajili na siku ya mwisho aliyoingia.

Kati ya watu 43 tulihama 19. WhatsApp ikasogeza tarehe ya masharti yake kutoka 8 Februari hadi 15 Mei, hasira zikapoa, na wenzangu wakarudi mmoja mmoja bila hata kuaga. Mimi nilishika neno langu. Shangazi alipolazwa, nilipata habari siku ya nne, tena kwa jirani. Nilipouliza kwa nini sikupigiwa simu, kaka yuleyule aliyetuhimiza tuhame alinijibu: "Si tuliweka kwenye grupu?"

Mama mkubwa simlaumu. Yeye hununua bando la WhatsApp peke yake kwa sababu ndilo analolimudu, na bando hilo halifungui kitu kingine. Ukimwambia ahame, unamwambia atafute hela ya ziada ili aongee na wanawe. Hapo kuna dhuluma ya bei, na ingestahili uzi wake.

Ninaowalaumu ni ninyi wenye intaneti ofisini na nyumbani, ambao Signal mnaipata bure, na ambao shida yenu yote ilikuwa kufungua programu mbili badala ya moja. Ni ninyi pia mnaotupia picha za vitambulisho vya NIDA vya wazee wetu mbele ya watu 43, kisha mnashangaa namba zao zimefikaje kwa matapeli. Mlijua kila kitu. Mlitusomesha wenyewe. Lakini kila mmoja alisubiri mwenzake atangulie, na aliyetangulia mkamwacha alipe gharama ya wote.

Jioni ile niliirudisha WhatsApp kwenye simu yangu, kwa ajili ya shangazi tu. Sasa naomba wale mliohama mkarudi mnijibu bila kuzunguka: ni kitu gani hasa kiliwashinda?