Zahanati yetu imeulizwa bungeni mara tatu, jibu ni lile lile. Nani anawabana hawa mawaziri?

Wakuu, heshima kwenu.

Jumanne usiku baba alinipigia simu kutoka kijijini. Hakusalimia vizuri kama kawaida yake, alisema tu: "Mwanangu, ule ukuta umekwenda." Nikajua ukuta gani. Ni wa chumba kilichokuwa kiwe cha kujifungulia kwenye boma la zahanati yetu. Mvua imeukuta hauna bati, kama ilivyoukuta miaka yote, na safari hii umeshindwa. Tangu siku hiyo nina hasira ambayo hailali, na leo naitoa hapa. Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite kwa amani, ila mwenye boma lisiloezekwa kijijini kwao naomba abaki tuzungumze.

Mwaka 2014 tuliitwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji tukaambiwa tuanze kujenga kwa nguvu zetu, serikali itamalizia. Hakuna aliyepinga. Kila kaya ilitoa shilingi 15,000. Waliokosa hela walichota mchanga mtoni, akina mama walisomba maji kwa ndoo na kuwapikia mafundi. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi mjini, nikatuma mifuko kumi ya saruji. Baba aliuza mbuzi wawili aliokuwa amewaweka kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Mwaka 2016 boma likafika kwenye lenta, na tangu hapo halijaongezwa hata tofali moja.

Swali letu limeulizwa bungeni Dodoma mwaka 2018, likaulizwa 2021, likaulizwa tena 2024. Najua kwa sababu nimezitafuta Taarifa Rasmi za Bunge, yaani Hansard, nikachapisha kurasa zote tatu, nikazipanga mezani nikasoma moja baada ya nyingine. Fanyeni na ninyi kwa majimbo yenu, mtaona.

2018: Serikali inatambua na kuthamini mchango wa wananchi, na itaendelea kutenga fedha za kukamilisha maboma kadri ya upatikanaji wa fedha.

2021: halmashauri imeelekezwa kufanya tathmini ya boma hilo. Boma lina miaka mitano limesimama, kila mpita njia analiona, halafu ndiyo kwanza linafanyiwa tathmini!

2024: turudi kule kule kwa upatikanaji wa fedha. Mbunge akasimama kwa swali la nyongeza. Nilitegemea aulize ni shilingi ngapi, mwaka gani wa fedha, na kwa nini jibu la 2018 halijatekelezwa. Akauliza: je, Naibu Waziri yupo tayari kuambatana naye baada ya mkutano huu wa Bunge akajionee mwenyewe? Naibu Waziri akajibu kwamba yupo tayari. Pembeni yake pameandikwa kwa mabano: Makofi.

Walipiga makofi. Mpaka leo hajafika mtu.

Mwaka 2022, katikati ya hayo majibu mawili ya mwisho, dada yangu wa kuzaliwa alishikwa na uchungu usiku. Kituo cha afya kiko kilomita 17. Alipakiwa kwenye bodaboda, akashikiliwa na mama mkwe kwa nyuma, wakapita kwenye tope. Alijifungulia njiani, chini ya mwembe, akatoka damu nyingi mno. Mtoto alipona. Yeye alifikishwa hospitali asubuhi akatolewa kizazi, na ana miaka 26. Naomba anayesema "Serikali ni sikivu" aje amwambie dada yangu hivyo mbele yake.

Na hatukuomba hisani. Zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata ni sera ya serikali yenyewe. Iliwekwa kwenye Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007 na ambao ulipangwa kwenda mpaka 2017. Sisi tuliweka jasho kwa kuamini maandishi yao.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa. Katiba yetu, Ibara ya 63, inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu chenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Na njia ya kwanza kabisa inayotajwa ya kufanya kazi hiyo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Waliokaa wakaandika Katiba waliona swali ni silaha. Leo tunaambiwa kipindi cha maswali kinaanza saa 3 asubuhi, tunafungua redio, na tunachosikia ni naibu waziri anasoma karatasi aliyoandikiwa na watendaji wa wizara, mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, wanaendelea na swali linalofuata.

Sikilizeni maneno yanayotumika. "Mchakato unaendelea." "Upembuzi yakinifu umekamilika na sasa tunaingia kwenye usanifu wa kina." "Ipo katika hatua za mwisho." "Mheshimiwa Mbunge awe na subira." Maneno haya yote yana sifa moja: hayana tarehe. Jibu lisilo na tarehe haliwezi kuchelewa, haliwezi kuvunjwa, na mwaka kesho linasomwa upya kama lilivyo. Ndiyo maana kijiji chetu kimejibiwa mara tatu na bado hakuna mtu aliyevunja ahadi yoyote kwa maandishi. Siku niliyoligundua hilo, nikiwa na zile karatasi mezani, nilitetemeka mikono.

Wabunge nao wasijifiche. Swali la msingi linapelekwa mapema, wizara inapata muda wa kulijibu. Meno ya mbunge yako kwenye yale maswali mawili ya nyongeza, ambayo waziri hajayaona. Hapo ndipo pa kumbana. Wengi wanatumia la kwanza kupongeza na la pili kuomba barabara nyingine. Na Alhamisi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, ambapo angeweza kuulizwa chochote bila kujiandaa, unakuta mtu anauliza jambo la jumla kabisa, "nini kauli ya Serikali", akapewa hotuba, akakaa. Ndugu Mbunge, kauli tumezisikia za kutosha! Tunataka bati.

Kwa nini hawabani? Nimefikiri sana kuhusu hili na sikubali kwamba wote ni wavivu. Ibara ya 55 inataka mawaziri wote watoke miongoni mwa wabunge. Maana yake anayeuliza leo anaweza kuitwa Ikulu kesho kuapishwa unaibu waziri, na anajua hilo kila anaposimama. Anayemwuliza ni mwenzake wa chama kile kile, wanakutana kwenye kamati ya chama ya wabunge, na mwaka wa uchaguzi majina yao yote mawili yanapelekwa kwa watu wale wale kukatwa au kurudishwa. Tangu 2020 ukumbi umejaa chama kimoja karibu chote, wapinzani ni wa kuhesabu. Atakayemwangalia waziri usoni na kumwambia "jibu lako halitoshi" ni nani? Wenzetu Kenya Katiba yao ya 2010 ilitenganisha, waziri hawezi kuwa mbunge, na tangu 2023 mawaziri wanaitwa mbele ya Bunge zima kujibu maswali wakiwa wageni humo ndani. Wana matatizo yao mengi, lakini angalau anayeuliza hangojei kuwa jirani wa kiti cha anayejibu.

Kisha angalieni waliothubutu. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Chadema, alileta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi ambao Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, aliusaini London. Aliyeadhibiwa ni Zitto, akasimamishwa ubunge kwa miezi. Baadaye mwaka huo huo Rais Kikwete akaunda Kamati ya Jaji Mark Bomani kuchunguza sekta ya madini, na Zitto yule yule akateuliwa kuwa mjumbe. Yaani swali lilikuwa la maana kiasi cha kuundiwa kamati ya Rais, lakini mwulizaji tayari alikuwa ameshafukuzwa ukumbini.

Miaka 17 ikapita. Juni 2024 Luhaga Mpina, mbunge wa CCM wa Kisesa, akamtuhumu Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuingiza sukari. Akatakiwa alete ushahidi, akaupeleka kwa Spika, kisha akauzungumzia kwa waandishi wa habari. Akapelekwa Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akafungiwa vikao 15. Mtasema alikiuka utaratibu. Haya, tukubali alikiuka. Lakini nchi nzima ilikuwa imenunua sukari kwa bei ya kuumiza miezi michache kabla, na mjadala ukahama kutoka kwenye vibali ukawa wa utovu wa nidhamu wa aliyeuliza. Nitajieni waziri mmoja aliyefungiwa hata kikao kimoja kwa kujibu jibu lile lile mara tatu.

Hata asiye mbunge hakupona. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Profesa Mussa Assad, alisema kutofanyia kazi ripoti zake ni ishara ya udhaifu wa Bunge. Januari 2019 akaitwa mbele ya kamati, Aprili Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Kwa neno "dhaifu"! Bunge lilipata nguvu zote hizo kwa ajili ya neno moja, na kwa boma letu halikupata hata nguvu ya kuuliza tarehe.

Msiniambie haiwezekani, maana tumeona ikiwezekana. Februari 2008 ripoti ya Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilisomwa, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Desemba 2013 ripoti ya kamati kuhusu Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, iliondoa mawaziri wanne kwa siku moja. Mwaka 2014 ikaja kashfa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Na kikokotoo cha mafao ya wastaafu je? Walimu na manesi walipiga kelele, wabunge wakaibeba mwaka baada ya mwaka. Malipo ya mkupuo yaliyoshushwa mpaka asilimia 33 mwaka 2022 kwa wale waliokuwa wakipata 50, kwenye bajeti ya 2024/25 yakapandishwa hadi 40. Haikutosha, mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu na atawaambia kwamba haikutosha. Lakini waziri alisogea, kwa sababu lile swali lilikataa kufa.

Ninachotaka hakihitaji Katiba mpya, ingawa nayo naitaka. Kila jibu la waziri linalohusu mradi litaje kiasi, fungu la bajeti, na mwaka wa fedha. Kama hakuna fedha, aseme hakuna, tujue tujichangishe wenyewe tuezeke. Spika ana mamlaka ya kulikataa jibu lisilojitosheleza na kuagiza liletwe upya. Tumewahi kuona yakitumika, basi yatumike kila wiki. Na pale Bunge la bajeti linapoanza Aprili, kabla wizara haijaombewa senti, zisomwe ahadi zake zote za mwaka uliopita, kijiji kwa kijiji, hii imefanyika, hii haijafanyika. Daftari tu hilo, makatibu wa Bunge wanaweza kuliandaa, Hansard wanayo.

Na vikao virushwe moja kwa moja, vyote. Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alituambia televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena kama zamani kwa sababu ya gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Mbunge anayejua hatazamwi na kijiji chake, na waziri anayejua hivyo hivyo, wanaongea namna nyingine kabisa.

Sasa tuna Bunge la 13, na swali letu, kama litaulizwa, litakuwa la mara ya nne. Nimemwandikia mbunge wetu ujumbe juzi. Nimemtumia zile kurasa tatu na picha ya ukuta ulioanguka aliyonitumia mdogo wangu. Nimemwomba jambo moja: akisimama, asianze na pongezi, aanze kwa kusoma majibu yote matatu kwa sauti, kisha aulize "lini?" na asikae mpaka atajiwe mwezi. Ameusoma ujumbe, naona alama mbili za bluu, hajajibu.

Wakuu, wenye maboma, madaraja na visima vilivyoulizwa bungeni zaidi ya mara moja, wekeni hapa chini: kijiji, mwaka swali lilipoulizwa, na jibu lilivyosomeka neno kwa neno. Mimi nitayakusanya yote kwenye jedwali moja nimpelekee kila mbunge mwenye anwani ya barua pepe. Naanza na yetu: 2018, 2021, 2024.