Miaka sita na chenso, sasa naambiwa "lete cheti". Nianzie wapi?

Kijana wa Njombe:
Wakuu habari za jioni. Naangusha miti kwa chenso, yaani msumeno wa mnyororo, huu mwaka wa sita. Nilifundishwa na mjomba wangu kwenye mashamba ya watu binafsi, misindano na mikaratusi, malipo kwa mti. Wiki iliyopita nikaenda kuomba kazi kwenye kampuni moja yenye shamba kubwa. Msimamizi akauliza cheti. Nikamwambia nipe mti mmoja unipime. Akakataa, hata mashine sikuiwasha. Iliniuma sana.

Naombeni msaada: cheti hicho kinatolewa wapi? Usajili wa chenso kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, hautoshi? Na kwa mtu ambaye kazi anaijua, hicho cheti kinamwongezea nini?

Mkufunzi Mafinga:
Kamwene mdogo wangu. Usajili wa TFS ni wa mashine. Ni kama kadi ya pikipiki, inaonyesha chombo ni cha nani, haisemi kwamba wewe ni dereva.

Cheti cha mtu kitafute FITI, Chuo cha Viwanda vya Misitu. Chuo chenyewe kiko Moshi tangu 1975, ila wewe wa Njombe usifunge safari yote hiyo, wana kituo hapa Mafinga na kozi fupi za chenso zipo. Piga simu kwanza uulize tarehe na ada. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, pia wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Uliza chuo cha karibu yako kama fani hii imo.

Yule msimamizi usimwekee kinyongo. Mashamba yenye cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha msitu unaotunzwa vizuri, hukaguliwa, na mkaguzi huuliza mwenye chenso kafunzwa wapi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inambana mwajiri. Ukiumia bila mafunzo, yeye ndiye atakayejibu.

Ila kilichonifanya nikae niandike ni swali lako la mwisho. Mimi niliangusha miti miaka tisa kabla ya kuingia darasani, na nilikwenda nikiwa nimekasirika kama wewe. Siku ya kwanza ya vitendo mkufunzi hakutupa mti. Alitupeleka kwenye visiki tulivyokata wenyewe wiki ile, akatoa futi kamba akapiga magoti.

Alikuwa anapima bawaba, ule ukanda wa mti unaouacha bila kukata kati ya mkato wa mbele na mkato wa nyuma. Ndio unaoushika mti uende ulikoulekeza. Unene wake uwe kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani mti wa sentimita 40 unaachiwa sentimita 4, na ziwe sawa kushoto na kulia. Changu kushoto kilikuwa na sentimita 6. Kulia nilikata mpaka nikatokea nje. Mti ule ulikuwa umejizungusha ukaangukia njia ya trekta, na mimi nilimwambia kila mtu kwamba ni upepo. Miaka tisa nilikuwa nalaumu upepo.

Mengine utayakuta hukohuko. Njia ya kukimbilia unaifyeka kabla hujawasha, nyuma kwa mshazari, nyuzi 45. Mtu mwingine akae umbali wa urefu wa miti miwili, kwa msindano wa mita 25 ni mita 50. Chenso huwashwa ikiwa chini, breki imefungwa, siyo ile ya kuidondosha hewani huku unavuta kamba, ambayo najua unaifanya kwa sababu sote tulifanya. Na mkaratusi ulioegama usiukate kutoka nyuma kama mti wa kawaida, utapasuka kwa urefu ukupige kifuani. Unauchoma katikati kwa ncha ya msumeno, unaacha bawaba mbele na kishikizo, yaani ukanda mdogo usiokatwa, nyuma, halafu kishikizo unakikata mwisho.

Mama Tumaini:
Naomba kuongeza kidogo. Mume wangu alikatwa paja na chenso akiwa kibarua, hana mkataba, suruali yake ya jinsi. Aliyempa kazi alitulipia nauli ya kwenda hospitali, basi. Kwa hiyo kaka, ukishapata cheti, kabla ya kuuliza bei ya mti uliza mambo mawili. La kwanza, suruali ya kinga ipo? Ile yenye nyuzi ndani zinazojisokota kwenye mnyororo mpaka unasimama. La pili, wamekuandikisha WCF, ule mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini? Mchango ni wa mwajiri, wewe hukatwi hata shilingi. Sisi tulikuja kulijua hilo baadaye.

Niko Scotland:
Huku nilifika na uzoefu wa Mufindi, haukunisaidia karatasini. Vyeti vinatoka City & Guilds NPTC au Lantra, mashirika ya huku ya vyeti vya ufundi, hatua kwa hatua: kwanza kutunza mashine na kukata magogo, kisha kuangusha miti ya kipenyo kisichozidi milimita 380, kisha mikubwa. Anayekupima siye aliyekufundisha. Mimi mara ya kwanza nilianguka kwenye kunoa: meno ya kushoto marefu kuliko ya kulia. Nunua tupa ya saizi ya mnyororo wako na kishikio chake, uanze leo.

Kijana wa Njombe:
Asanteni sana. Mama Tumaini, pole sana, mpe shemeji salamu. FITI nitawapigia Jumatatu.

Mkufunzi, shikamoo. Asubuhi nilirudi kwenye shamba nililokata juzi nikiwa na futi. Nimepima visiki kumi na vinne. Vitatu tu ndivyo vilivyo sawa pande zote, na kote nilikokosea ni upande uleule, wa kulia. Hii inatokana na nini, namna ninavyosimama?

Mkufunzi Mafinga:
Marahaba. Ndiyo, unasimama kushoto na ncha ya msumeno huioni, inatangulia upande wa pili. Ukikaribia bawaba simama, zunguka uangalie, halafu umalizie. Kesho pima vingine kumi uniletee namba.