Blanketi la siri la watumwa: mwalimu aendelee kulifundisha?

Mama Salma (mwenye mada)
Wadau, salaam. Tunaishi Alabama, Marekani, na mwanangu yuko darasa la nne, mwaka ambao huku wanasoma historia ya jimbo. Juzi karudi na karatasi aliyobandika viraka vya rangi. Kafundishwa kwamba watumwa waliotorokea kaskazini walionyeshwa njia na mablanketi ya viraka yaliyoanikwa uani: mchoro wa gurudumu maana yake funga virago, unyayo wa dubu maana yake fuata njia ya wanyama. Nimeibandika kwenye friji, kazi nzuri sana.

Shida ni kwamba hadithi hiyo ilivuma kwa kitabu cha 1999, na wanahistoria wengi wanaikataa kwa kukosa ushahidi. Wakati huohuo Gee's Bend, kijiji cha Weusi kinachosifika kwa mablanketi ya viraka, iko humuhumu jimboni! Mwaka 1942 Missouri Pettway wa huko alishona blanketi kwa nguo za kazi za marehemu mumewe ajifunike, amkumbuke. Magoti ya suruali yamepauka, unayaona. Sanaa ibaki, hadithi ibadilishwe. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Kisauni
Dada, kwa sisi watu wa khanga kitambaa kusema si ajabu. Jirani akianika tu, mlengwa kashaelewa. Halafu ushahidi gani unataka kwa watu waliokatazwa kisheria kufundishwa kusoma? Masimulizi ya mdomo tusiyatupe eti hayana karatasi.

Mama Salma
Mzee wangu, shikamoo. Ya mdomo ndiyo hasa ninayoyasema. Kati ya 1936 na 1938 serikali ya Marekani iliwahoji watu zaidi ya 2,000 waliowahi kuwa watumwa. Wakaeleza viboko, chakula, nyimbo, hata kushona. Ramani ya blanketi wanahistoria hawajaikuta humo.

Teacha K
Mimi ni mwalimu, niwe mkweli: ile ya siri inafundishwa kwa sababu karatasi zake zipo tayari, unachapa na kugawa. Ya Gee's Bend lazima uitafute mwenyewe Jumapili usiku. Ila mtoto wa miaka 9 anapenda fumbo. Ukimletea huzuni ya mjane atasinzia.

Mama Salma
Teacha, fumbo lipo! Muulize mtoto: kwa nini kivuko cha Gee's Bend kilifungwa 1962, kikarudi 2006? Weusi walikuwa wanavuka mto kwenda mji wa Camden kujiandikisha kupiga kura. Kivuko kikaondolewa, safari ikawa kuzunguka kwa barabara karibu saa nzima. Wengi hawakuwa na gari. Na 1966 wanawake wa Gee's Bend na jirani zao wakaanzisha ushirika wa kushona, mablanketi yakauzwa New York. Hapo atasinzia nani?

Mzee wa Kisauni
Marahaba. La kivuko sikulijua. Lakini usimvunje moyo mtoto kwa karatasi yake.

Mama Salma
Iko palepale kwenye friji. Mwalimu nimemwandikia, nangoja jibu. Mtoto mwenyewe kashachukua mkasi na suruali ya kazi ya baba yake. Baba mtu bado hajaambiwa.